Samaki Wanaoahirisha Mayai

Rusimbi, Jumanne. Mawingu yamelala juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, tangu asubuhi, na mimi nimenuna nayo.

Majibu ya sampuli yamefika. Nilidhani nitafurahi.

Pale maabara tuliwaweka samaki wadogo wa miambani kwenye matangi yenye joto zaidi kuliko ziwa la leo, tuone miili yao itafanyaje. Dagaa hatuwawezi, ukimgusa tu amekufa. Hawa hawakufa. Joto likizidi, protini za mwilini huharibika umbo, kwa hiyo seli zao zimewasha vinasaba vya kutengeneza protini nyingine za kuzishikilia zile zisisambaratike. Bosi akapiga makofi. Halafu tukasoma ukurasa wa pili: nguvu yote imeishia kwenye kujilinda, vinasaba vya mayai vimezimwa.

Samaki anaishi, ila hatagi.

Nyumbani yupo binamu yangu Joselina. Yeye na mumewe walivuka kutoka Burundi mwaka ule wa vita, wakapelekwa kambini, wakakubaliana kwamba hawatazaa ukimbizini. Mtoto atazaliwa kwao, Rumonge, vita ikiisha. Mpaka leo, mvi zimeanza kumtoka, anatembea na ingobyi ya mama yake, kile kitambaa cha kubebea mtoto mgongoni, kimekunjwa chini kabisa ya begi. Wiki hii amepewa kibali cha kutoka kambini kuja hospitali mjini, kumwona daktari wa uzazi. Jana alirudi kutoka huko, akaanza kuanika dagaa wangu uani. Niliogopa kumuuliza.

Leo jioni akaniuliza samaki wangu wamefikia wapi. Nikamweleza kama nilivyoandika hapa, kijinga kabisa, kama mtu anayesoma ripoti. Kwamba wanasubiri maji yapoe ndipo watage.

"Na yasipopoa, mdogo wangu?"

Nikasema hayatapoa.

Aliendelea kugeuza dagaa kwa muda. "Basi wangetaga tu," akasema. "Humo humo kwenye joto."

Mvua ikashuka ghafla, na turubai letu liko kwa jirani. Joselina akakimbilia ndani, akatoka na ingobyi, akaitandaza juu ya dagaa na kukandamiza pembe zake kwa mawe.

Sasa sina haja ya kumuuliza hospitali walimwambia nini.

Nimelia jikoni huku nimewasha redio asinisikie. Kesho asubuhi natakiwa kupandisha tena joto la matangi, na nitalipandisha.