Mshauri wa Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 4 Machi

Nassiwa, huna haya wewe! Nimekulea tangu mama yako azikwe. Nikakufundisha kupiga magoti, kumenya ndizi, kunyamaza wakubwa wakisema. Na leo unanikalisha kitako unisomee mchezo wa redio ambamo mama mkwe yuko jikoni na mume wa bintiye, wameshikana mikono! Mikono! Hapa hapa Masaka!

Nimemwambia hayo usoni. Nayaandika tena kwa sababu bado yananiwasha.

Mchezo wenyewe ni huu. Fundi matofali, jina lake Lubowa, amefiwa na mke. Hali chakula, hasemi, mtoto wake anazurura kwa majirani. Anakuja mama wa marehemu, anakaa ubavuni pake, anamshika mkono, anammwagia hekima. Nikauliza: huyu mama ana wazimu? Hajui kwamba mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawapokezani hata kikombe, na wakigusana watatetemeka mikono mpaka kaburini?

"Jaja, huyo ni mshauri," ananiambia mimi bibi yake. "Mwalimu wetu wa Kampala alisema kila shujaa ana mshauri wake."

Huyo mwalimu wa semina! Amewapa watu waliokwisha pikwa. Shujaa, mshauri, mjanja, adui, na mwingine ambaye kazi yake ni kusimama mlangoni akiziba njia. Ati hadithi zote za dunia zina hao hao, wanabadilisha nguo tu. Nikasema basi hadithi moja yatosha, watu walale mapema.

Hakucheka. Najua kwa nini. Ijumaa ya wiki ijayo mchezo uwe mezani kwa Bwana Mukiibi wa redio ya mjini. Akiukataa, baba yake Nassiwa, yaani mkwe wangu Kaweesi, ameshasema: mtoto anakwenda Jinja, kwenye duka lake, kuuza misumari na rangi. Duka si dhambi. Lakini mtoto huyu ukimsimamisha nyuma ya kaunta atakauka kama jani la mgomba. Namjua.

Jumatano, 6 Machi

Jana nilimpa amri. Watu wote wa mwalimu watoke. Sitaki mshauri, sitaki mjanja. Mtu ni mtu! Asubuhi mwema, mchana mkorofi, jioni hata yeye mwenyewe hajijui.

"Jaja, unataka nichome kazi yote?"

Kiberiti kiko kabatini, nikamwambia.

Ameandika jana na leo. Mvua imenyesha, kahawa yangu imelowa uani, kwa kuwa aliyeambiwa aianue alikuwa anatafuta watu wa kweli kwenye karatasi.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Wenye fulana mpya wameandamana mjini. Sisi wengine tumekaa barazani tukipukuchua maharagwe.

Amekuja Nnaalongo, mama wa mapacha, wa nyumba ya bondeni. Amekuja na Mzee Katende anayeziba pancha za baiskeli barabarani — huyo hukosi kumwona penye chai. Nikasema vyema, Nassiwa, wasomee. Masikio ya bure hayo.

Aibu niliyoipata!

Mama mkwe mpya hana kichwa wala miguu. Anaingia, anasema jambo zuri, anasema jambo baya, anatoka. Lubowa naye vivyo hivyo. Nnaalongo alivumilia kidogo, halafu akaweka ungo chini. "Samahani mwanangu. Huyu mama nimpende au nimchukie? Niambie mapema nijipange."

"Ni mtu tu, mama. Kama watu walivyo."

"Watu ninao nyumbani tele. Hapa nimekuja kusikiliza hadithi."

Katende alishaanza kukoroma. Aliamka mara moja tu, pale penye mjomba wa Lubowa, yule mjanja, ambaye Nassiwa alisahau kumtoa. Mjomba amekula mbuzi wa matanga peke yake, akaulizwa, akajibu ni fisi. Wakamwonyesha mlango umefungwa. Akasema fisi wa siku hizi wana adabu, wakitoka wanafunga mlango. Katende alicheka mpaka akapaliwa. "Huyo ni shemeji yangu! Nani kakwambia habari zake?"

Nimewaza nikipukuchua. Hakuna aliyeuliza mjomba huyo ni nani. Alifungua mdomo, wakamjua. Kama sungura wa hadithi za utotoni. Hatukuuliza kwao wapi wala baba yake nani. Tulisogea karibu na moto kusikia leo anamhadaa nani, na kwa njia gani. Tungeletewa mnyama asiyejulikana kama ni mwerevu au mjinga, tungelala, kama Katende.

Basi mwalimu wa Kampala hakuwa mjinga kabisa. Sijamwambia Nassiwa. Ameingia ndani na makaratasi yake bila kuaga wageni, na leo sikumkemea.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya misa nimemwambia: mrudishe mshauri.

"Jaja! Si wewe ulisema…"

Nilichosema nilisema. Mrudishe. Lakini awe mama mkwe kwanza, ndipo awe mshauri. Mwalimu wako amekupa chungu, hakukupa mchuzi.

Akakaa chini, akachoka. "Sasa atamshauri vipi mtu ambaye haruhusiwi hata kumtazama?"

Nikajifanya natafuta rozari.

Kisha akauliza polepole: "Mama alipokufa, baba alikataa kula. Nani alimwambia ale?"

Nikamweleza. Kaweesi alikuwa amekaa nje ukutani, sahani imefunikwa jani mbele yake, siku ya pili haijaguswa. Mimi ndani, nyuma ya pazia hili hili. Mbuzi wangu amefungwa karibu naye. Nikamwambia mbuzi. "Wewe mbuzi! Umeachiwa mtoto na umelala kama mtoto ni wewe. Aliyekwenda amekwenda. Inuka ule!" Mbuzi alikuwa anatafuna tayari. Nikaendelea naye tu. Maneno yalinijaa siku hiyo, yalitoka mazuri hata mimi nilijisikia. Baadaye nikasikia sahani inafunuliwa.

Nassiwa hakunipa hata ahsante. Amekimbilia kalamu, chai yake ikapoa mezani, nikainywa mimi.

Jumanne, 12 Machi

Simsemeshi.

Mama mkwe sasa yuko nyuma ya pazia. Anasema na mbuzi. Vizuri, vizuri sana, nilisisimka. Halafu mtoto wa kwenye mchezo anamuuliza: Jaja, mbona unapenda sana kusema na mbuzi? Naye anajibu: kwa sababu mbuzi hanijibu.

Nikasema toa hayo. Akakataa. Mimi akanikatalia! "Jaja, mshauri asiye na kasoro ni picha ya kalenda. Unaining'iniza, huisikilizi. Mwalimu alisema aina ya mtu ni mlango tu. Ukishaingia lazima umkute mtu ndani, na fujo zake."

Fujo zako mwenyewe, nikamwambia. Huyo mama umemtoa wapi?

Akainamisha macho. Lakini alisema. "Wewe unaupenda mwiko wenu, Jaja. Ukiwa nyuma ya pazia, baba hawezi kukujibu."

Sikula matoke yake. Nimekula muhogo wa jana, baridi, nimesimama.

Jumatano, 13 Machi

Amewasomea tena Nnaalongo na Katende. Mimi nilikaa pembeni nikisuka mkeka, sikuwa nasikiliza.

Katende hakulala. Alishika kikombe kitupu mpaka mwisho. Nnaalongo alicheka pale kwa mbuzi, akafuta macho, kicheko kikaisha, na yeye bado anafuta. "Huyu ni mama mkwe wangu mtupu!"

"Wako wapi?" Katende akadakia. "Ni wangu huyo! Mpaka kikohozi chake!"

"Wako alikuwa bubu, Katende."

"Alikuwa bubu kwako. Mimi alinihutubia kupitia jogoo miaka yote ya ndoa, mpaka jogoo akahama."

Wamebishana mpaka njiani. Kila mmoja amemchukua mama yule, amekwenda naye kwake. Na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama! Nimekaa pale na masikio yangu na pazia langu, hakuna aliyesema, kumbe huyu ni wewe. Hilo nalo limeniudhi. Sijui lingeniudhi lipi zaidi.

Nimeutazama mkeka wangu. Nakshi hii wanaisuka wanawake wote wa hapa, ilisukwa kabla sijazaliwa. Lakini lete mikeka kumi, nitakuonyesha wa Nnaalongo. Mkono wake wa kushoto unakaza mno, mkeka unapinda kidogo pembeni. Bila nakshi huo si mkeka, ni majani. Bila mkono uliopinda ni mkeka wa dukani.

Leo nimekula chakula cha Nassiwa. Chumvi haikutosha.

Alhamisi, 14 Machi

Mdomo wa Katende! Kila aliyeleta baiskeli leo amesimuliwa mchezo wote, na chumvi juu. Habari imepanda gari, imefika Jinja kabla ya jioni.

Kaweesi amepiga simu. Nilikuwa karibu, sauti yake hufika mbali. Anasema sisi ndio tumemweka mwanamume redioni analilia mke, mtoto ametelekezwa, na dunia nzima itajua ni nani. Anasema hatachekwa na wateja wake. Anakuja kesho. Atamchukua binti na makaratasi, na Mukiibi atafute mchezo mwingine.

Nassiwa amekaa na simu mkononi kama mtu aliyeokota kaa la moto. "Lakini si yeye, Jaja. Lubowa si yeye."

Ni yeye. Na si yeye. Nani atamweleza hilo muuza misumari?

"Utamwambia, Jaja? Ukimwambia wewe atasikia."

Nimeshinda na lile neno la Jumanne. Nikisema kesho, nitakuwa nasema ili asikie, au ili asijibu?

Ijumaa, 15 Machi

Naandika juu ya goti, nyuma ya pazia. Baba na binti wako nje, hatua chache tu. Kaweesi amekuja kabla ya chakula cha mchana, amevaa shati la kazini, ameshauliza mkoba wa Nassiwa uko wapi. Redio wanafunga ofisi saa kumi na moja. Kijana wa bodaboda anangoja barabarani ayapeleke makaratasi.

Nassiwa amepiga magoti, amesalimu, amemimina chai. Kaweesi akasema: "Lete makaratasi."

Nikajua atayachana. Mtoto akasema, na sauti ikimkatika: "Baba, nikusomee kwanza. Ukishasikia, chana."

Kiti kikatoa mlio — Kaweesi amekiegemea. Akamsomea.

Nilitaka kusema. Mungu ananiona, maneno yalinifika kooni, mazuri kuliko ya siku ile. Nimeng'ata ncha ya leso yangu. Nimenyamaza! Amesoma mbuzi, amesoma mtoto kuuliza, amesoma jibu la mama mkwe. Amesoma Lubowa akilia usiku kucha, majirani wakisikia. Amefika mwisho.

Kaweesi hakusema na bintiye. Mbuzi yuko malishoni. Nikamsikia ameligeukia birika.

"Wewe birika. Mwambie mwenye nyumba hii. Siku ile, kilichonifanya nile si maneno yake. Nilikula ili anyamaze."

Nassiwa alijiziba mdomo, nilimwona kwenye ufa wa pazia. Mimi nimeketi hapa, naandika kila neno lake. Miaka yote hii! Mkwe wangu amenijibu. Na ana ulimi, kumbe!

Kisha akasema tena, chini kidogo, sasa sijui anamwambia birika au nani: "Na huyo Lubowa wenu ni muongo. Analia vizuri mno. Mimi sikulia. Nilichukua ndoo nikaosha lori langu la mizigo. Likatakata. Nikaliosha tena. Likatakata, nikaanza upya."

Hajasema chana. Hajasema peleka. Makaratasi yako mapajani kwa Nassiwa, kalamu imeanguka chini, na huyu mtoto hamtazami baba yake, analitazama pazia! Mimi natazamwa ya nini? Kaweesi amesogeza kikombe aongezewe chai. Mtu wa kuondoka hasogezi kikombe.

Nimesema, na sikusema na mbuzi. Nimemwita mtoto kwa jina lake, na baba asikie akitaka, na ajibu akitaka:

Nassiwa! Okota kalamu. Futa hayo machozi ya Lubowa, mpe ndoo. Halafu muulize baba yako, wakati analiosha lori, wewe ulikuwa wapi. Muulize sasa hivi, kabla chai haijaisha!