Maji ya Somanga

Somanga, 10 Julai 2023

Mpendwa baba,

Shikamoo. Habari za hapo Misigiri, na masikio yanaendeleaje? Nimepiga simu ya mama mara nyingi, lakini kila ukipewa unasema "sikusikii" halafu unakata. Basi nimerudi kwenye karatasi. Barua nampa konda wa basi la Dar, naye ataikabidhi kwa basi la Singida. Mimi mzima, gari lako zima, ila linakunywa oili kama limetoka mfungo.

Tangu nivuke Kibiti nasimama kila nionapo kinjia kinachoelekea baharini. Barabara ni lami na pori, unakwenda kitambo kirefu unakutana na nyani tu. Nimefuata maagizo yako, sijamwuliza mvuvi yeyote penye samaki. Natazama ndege wanapotua na mahali maji yanapobadilika rangi. Kwanza nilipata matope na mikoko, mbu wakanila hadi kope. Hapa Somanga ndipo nimepata kweli. Bahari imeisogelea barabara, na mchanga ni mgumu hata gari linapita. Maji yanasogea kidogo na kurudi, kama ziwa letu la Kitangiri likipigwa na upepo. Jana nilisimama maji ya kiuno nikatoa tasi na pono wakubwa. Tukiwakausha hawa na kuwaleta mnadani, watu watasahau perege.

Wenyeji wananichangamkia mno, sijui wanataka nini. Yupo mama anayekaanga samaki kando ya barabara, Bi Somoe, kaniuliza natoka wapi, gari la nani, nitakaa hadi lini. Nimemjibu nusu nusu.

Msalimie mama. Mshenga akienda Kiomboi kwa akina Jenifa, aseme mambo yanaelekea kuzuri.

Mwanao,
Edward

Misigiri, 14 Julai 2023

Mwanangu Edward,

Marahaba. Sisi wazima, mama yako analalamikia mgongo lakini juzi nimemwona amebeba debe la alizeti, kwa hiyo sijui nimwamini yupi, yeye au mgongo wake. Kitangiri limerudi nyuma sana. Magari yanashuka mpaka ndani kabisa ya ziwa kufuata mitumbwi, na wanachopakia ni kambare wa kuhesabu. Ndiyo maana tunakutegemea wewe.

Huyo mama wa maswali, jihadhari naye. Mtu haulizi gari la nani bila sababu. Na wavuvi ndio usiseme. Mimi nimevua tangu sina ndevu, sijawahi kumwonyesha mtu mahali pangu, hata marehemu baba yako mkubwa. Nikimwambia samaki wako upande wa Tulya, mimi naenda ng'ambo. Naye alinifanyia vivyo hivyo, na jioni tulikula sahani moja bila kinyongo. Kwa hiyo mvuvi akikuambia hapa hapafai, ujue ndipo penyewe. Akikuambia ondoka, kaa.

Gari lisiwe mbali na macho yako. Wazazi wa Jenifa wamekubali kutusikiliza kwa sababu ya lile gari na kazi utakayoifanya nalo. Hilo unalijua.

Baba yako

Somanga, 20 Julai 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekaa chini. Sina njia nzuri ya kuanza. Gari halipo tena.

Juzi asubuhi maji yaliondoka. Siyo kusogea kama nilivyokuandikia, yaliondoka kabisa, ikabaki nchi tupu ya mchanga mpaka mbali. Nikafanya kama tunavyofanya Kitangiri, nikashuka na gari hadi karibu na maji, nikaliacha pale nikaenda mbele na wavu. Mchana maji yakarudi. Baba, yalirudi yote, na zaidi ya yalivyokuwa. Nilipogeuka yalikuwa yamefika kwenye matairi, na matairi yameshazama mchangani. Nilipiga stata, nikasukuma. Watu wakaja na kamba, tukavuta mpaka maji yakatufika kifuani. Jioni lilionekana paa tu. Kesho yake lilikuwa limelala ubavu, injini imejaa mchanga. Wanasema hapa siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu maji huenda mbali na kurudi kwa nguvu, wanaita bamvua.

Simu yangu ilikuwa ndani. Mjukuu wa Bi Somoe amepiga picha na kuituma kwenye simu ya dada Editha. Nina aibu, baba. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Edward

Misigiri, 26 Julai 2023

Edward,

Marahaba. Sisi tupo.

Nimeisoma barua yako, nikaisoma tena, nikampa Editha anisomee kwa sauti ya juu nikidhani macho yangu yana kasoro. Maji yaliondoka asubuhi. Mchana yakarudi. Yakachukua gari. Mimi nimezaliwa pembeni mwa maji, Edward. Ziwa likiondoka linaondoka kwa miezi, na kurudi linangoja mvua. Mvua ya Julai umeiona wapi?

Picha nimeiona. Ni bati la bluu kwenye maji. Hata mimi naweza kwenda Kitangiri nikatupa bati nikapiga picha. Na siku hizi vijana wanatengeneza picha wanavyotaka, juzi nimeonyeshwa simba amevaa suti.

Mwalimu mmoja hapa anasema kitu hicho kipo, ni mwezi unavuta bahari. Nikamwuliza kama ameona kwa macho, akasema amesoma. Lakini Moses anayeendesha lori la vitunguu ameona kwa macho. Ameiona pikapu ya bluu Manyoni, yenye bampa iliyopinda kama yetu, inaendeshwa na mtu wa Itigi. Manyoni na Somanga wapi na wapi? Umeiuza, halafu umejifunza hadithi kwa watu wa pwani.

Nimemsimamisha mshenga. Siwezi kumtuma mtu mzima Kiomboi akaseme bahari imekula gari. Wakiuliza, tutasema wewe ndiye unayejua lilipo. Kama una la kweli, lilete mwenyewe.

Andrea, mwenye gari

Somanga, 2 Agosti 2023

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilikuwa nimeficha jambo moja, sasa naliandika kwa kuwa huwezi kunifikiria vibaya zaidi ya hapo. Siku ile Bi Somoe alinifuata mpaka chini mchangani. Alisema, "Mwanangu, toa gari, leo bamvua, maji yanarudi." Barua yako ilikuwa mfukoni, imefika siku moja kabla. Nikamwona mjanja anayetaka kunifukuza penye samaki. Nikamcheka. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja na kamba, na ndiye anayenilaza kwake hadi leo bila kuniuliza chochote.

Sikulaumu wewe. Masikio yalikuwa yangu.

Kesho naelekea kusini, Mchinga, kuna mtu ananichukua kwenye mashua yake. Nyumbani sirudi kuitwa mwizi mbele ya mama. Jenifa mwambieni asinisubiri.

Edward

Misigiri, 21 Agosti 2023

Mwanangu,

Hujambo? Nimeandika kwa Bi Somoe kwa kuwa anwani nyingine sina. Wewe upo kimya na nyumba hii nayo ipo kimya. Mama yako ananiwekea ugali, ananiwekea mlenda, anaondoka. Akisema, anasema Kinyiramba na kuku.

Yule mtu wa Itigi amepita hapa na pikapu yake kununua alizeti. Nimelizunguka gari lake mpaka akaniuliza kama nataka kulinunua. Si letu. Bampa imepinda upande mwingine. Lakini kwamba si hilo haina maana kwamba hukuuza kwingine. Nataka kuona mwenyewe. Usimwambie mtu kuwa nakuja, wasije wakapanga maneno.

Baba yako

Somanga, 2 Septemba 2023

Mwanangu Edward,

Hujambo? Mimi ni mzima, usishtuke kwa mwandiko, naandikia juu ya goti. Nimekaa kwa Bi Somoe na nguo za marehemu mumewe, suruali inaishia juu ya kifundo. Barua hii anaichukua dereva wa lori la chumvi anayepita Mchinga.

Nilifika jana asubuhi, maji hayapo. Nikashuka moja kwa moja mpaka kwenye gari. Lilikuwa letu. Kitambaa cha kiti alichoshona mama yako bado kimeng'ang'ania, kimejaa konokono. Nilipaswa kulia pale pale, mwanangu, lakini unanijua. Nikaanza kukagua kama kuna nyayo, kama lilisukumwa, kama injini ilitolewa ikauzwa. Nilikuwa nimeinama chini ya boneti niliposhikwa bega. Ni mama mmoja, anasema na mimi simsikii, anaonyesha kwa mikono niondoke. Nikajisemea, huyu ni yule yule, hataki nilikague gari. Nikamgeuzia mgongo.

Edward, nilikuwa na barua yako mfukoni imeandika kila kitu. Nikakaa. Maji hayakuja kwa kishindo, yalikuja kwa adabu, yakazunguka kwa nyuma, na nilipoinua kichwa pwani ilikuwa mbali na kati yetu kuna bahari. Mimi ni mvuvi na nilipiga kelele kama mtoto. Yule mama, kumbe ndiye Bi Somoe mwenyewe, alikuwa bado amesimama nami, maji kifuani, hakuniacha. Akanikamata ukosi akanivuta mpaka nchi kavu. Begi limekwenda, viatu vimekwenda, nauli ilikuwa kwenye begi. Kwamba nilikuita mwongo mbele ya watu kunaniuma kuliko hilo gari.

Nimemwomba Bi Somoe radhi kwa ajili yetu wawili. Alicheka sana, akasema watu wa bara tuna vichwa vigumu, akanipa uji.

Sasa nataka kwenda Kiomboi mwenyewe, bila mshenga, niwaambie wazazi wa Jenifa kwamba maji yaliondoka asubuhi, yakarudi mchana, yakachukua gari, na kwamba hata viatu vyangu yamevichukua. Nimejaribu kuyapanga maneno hayo tangu asubuhi. Kila ninavyoyapanga naona sura ya baba yake Jenifa, na ni sura yangu ya Julai.

Nipo hapa, nasubiri. Njoo, mwanangu, twende wote. Peke yangu hawataniamini.

Baba yako