Mama Mkubwa wa Kiti cha Mbele

Mama Eun-chae, mwaka umetimia leo tangu ulipotuacha asubuhi ile ya theluji, chai yako ya shayiri ikiwa bado ya moto mezani. Watoto wameniambia niandike kwa ufupi. Wanajua fika mimi na wewe hatukuwahi kuzungumza kwa ufupi.

Ulilea watoto wawili, ukamuuguza mama yangu mpaka mwisho, ukaniuguza na mimi mgongo uliponishika kwenye kazi ya mabomba. Halafu, watoto walipopata kwao, ukatangaza tukiwa tunakula kwamba unaingia chuo kikuu kusomea lishe. Nilicheka hadi wali ukanipalia. Ulimaliza kula, ukaosha vyombo, ukaenda kujiandikisha.

Hukujua kwamba masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza. Profesa Cha ni mtu wa hapahapa Jeonju, na wanafunzi wake ni Wakorea watupu, lakini akiingia darasani ni Kiingereza mwanzo mwisho, ndivyo chuo kinavyotaka. Ukabandika maneno kwenye friji, kwenye sufuria, mpaka kwenye glavu za kuoshea vyombo. Nikakuuliza, "Kwani hiyo sufuria nayo inafanya mtihani?" Muhula wa kwanza ulishika mkia darasa zima. Ulilala umeelekea ukutani, na mimi nikakupikia supu ya machipukizi ya soya ambayo hata paka wa jirani aliikataa.

Kumbe hukuwa peke yako. Hata wale vijana waliolipiwa masomo ya Kiingereza tangu chekechea walikuwa wanatoka kapa. Ila wao walinyamaza. Nani anyanyue mkono aseme sijaelewa, mbele ya wenzake, tena kwa Kiingereza cha kubabaika? Kwetu hapa afadhali ufeli kimyakimya. Muhula wa pili ukasema liwalo na liwe. Ukanyanyua mkono, ukamwambia Profesa kwa Kiingereza chako cha kuungaunga kwamba hujaelewa, arudie, na arudie polepole. Darasa likainamisha vichwa. Alipoanza kurudia, ukasikia kalamu zote zinaandika kwa pamoja.

Basi ukawa mdomo wa darasa. Wakati wa mapumziko walikuzunguka kwenye korido, wewe ukiwagawia viazi vitamu vya kuchoma, wao wakikunong'oneza maswali yao na maneno ya kuyaulizia. Mlibishana kwanza kwa Kikorea mpaka jambo likaeleweka, ndipo ukaingia nalo darasani. Walikuita Mama Mkubwa. Alama zikapanda, zako na zao, nami nikaanza kuipata: sigusi yai la kukaanga bila kupewa mhadhara.

Aliyekuganda zaidi ni Ye-rin, binti wa wakulima wa Namwon, ambao hawakuwa na uwezo wa kumlipia masomo ya ziada. Akisoma mwenyewe alielewa kila kitu. Akiambiwa aseme, ulimi unakuwa mzito. Alishafeli somo la Profesa Cha mara moja, na akifeli tena ndio mwisho wake wa chuo. Siku alipolia ulimwambia maneno ambayo anayarudia mpaka leo: "Aibu nibebeshe mimi, mwanangu. Uso wangu umeshakomaa. Wewe niletee swali tu."

Msibani walikuja wote, wamevaa nyeusi, wakala ule mchuzi mwekundu wa nyama na pilipili wa msiba huku machozi yakiwadondoka. Ye-rin akanishika mkono. "Baba Mkubwa, mimi narudi nyumbani," akasema. "Sasa nani ataniulizia?" Mimi ni mtu wa mabomba tu. Nilimfungia viazi vilivyobaki jikoni, vile ulivyonunua mwenyewe, akaondoka navyo.

Mwezi wa tatu chuo kilipofunguliwa, mtoto huyo akaingia kwetu bila hodi, viatu kavitupa ovyo mlangoni. Hakuwa amerudi Namwon. Siku hiyo alikuwa amekwenda darasani na kukaa kiti chako cha mbele. Profesa alipouliza kama kuna swali, watu wakanyamaza kama zamani, macho yote kwenye kiti chako. Alitamani ardhi immeze, na bado akanyanyua mkono.

"Nimeuliza, Baba Mkubwa. Nimeuliza mwenyewe."

"Profesa akajibuje?"

"Kasema hata yeye hajui. Anaenda kusoma, atatujibu wiki ijayo."

Tulicheka mpaka tukalia, Mama Eun-chae. Wiki iliyofuata kijana mwingine naye akauliza, kisha mwingine, na siku hizi Profesa mwenyewe anawaachia wajadiliane kwanza kwa Kikorea. Ye-rin alifaulu lile somo. Mwezi ujao anahitimu, na amesema picha yako itakuwa mikononi mwake.

Jioni ya leo kwenye meza ya kumbukumbu yako kutakuwa na wali, samaki, mapeasi, na viazi vitamu alivyovichoma Ye-rin. Supu sipiki, usiwe na wasiwasi.

Tunakukumbuka, Tak Myeong-suk: mumeo Bang Gil-won; wanao Eun-chae na Hyeok; dada yako Myeong-ja; na Do Ye-rin, aliyerithi kiti chako. Kila mkono utakaonyanyuliwa darasani mle, tutajua ni wewe uliyeunyanyua kwanza.