Dishi Juu ya Bati la Mzee Romanus

Jumatatu, 10 Juni 2002

Dishi limekamata! Kompyuta zote nne zina intaneti. Mteja wa kwanza mwalimu mgeni, kamwandikia dada yake Bukoba, kajibiwa kabla hajamaliza chai. Kachungulia nyuma ya kompyuta kama kuna mtu. Nimecheka peke yangu hadi jioni.

Mzee Romanus, mwenye nyumba wangu, hakuja kuona. Anakohoa. Ndiye aliyenipa chumba hiki, na paa la dishi, wakati mtaa unasema msichana wa kuja, wa kijiji cha Maposeni, ataleta mambo. Kesho nimpelekee asali.

Jumanne, 11 Juni

Mzee Romanus amefariki alfajiri.

Mtaa wetu wote wa Bombambili umehamia uani kwake. Nilikuwa nasonga ugali na wanawake, nikaitwa kwenye simu. Otto, mbia mwenzangu wa Dar — yeye anatafuta wenye mtaji, mimi nafanya kazi. Wenye mtaji wameshafika Makambako, kesho wanakagua. Nikamwambia kesho tunazika. Akasema msiba haujawahi kulipia setilaiti.

Sikurudi kwenye ugali. Niliona aibu.

Jumatano, 12 Juni

Nimefungua. Mtaa mzima umefunga, hadi muuza mkaa, mimi nimefungua.

Wageni wawili, viatu vizuri. Wakauliza mbona wateja hakuna. Nikasema leo siku tulivu. Mungu anisamehe. Kwaya ikasikika, jeneza likapita mbele ya mlango wangu, chini ya dishi langu. Nikavuta pazia.

Rambirambi nilimpa Adela wa genge la nyanya apeleke, kwenye bahasha yenye nembo ya kampuni. Nono.

Wameridhika. Mimi sasa Mkurugenzi Mtendaji, Kanda ya Kusini! Nimetafuta wa kumwambia, sikumpata. Nimejiandikia imeili ya pongezi. Imefika.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa nikaenda kutoa pole. Mama Epifania, mjane wa mzee, kanipokea vizuri mno. Kaniita "mheshimiwa". Siku zote huniita mwanangu. Nikaletewa kiti — wenzangu wote wako mkekani, mimi juu ya kiti kama picha ya ukutani. Hakuna aliyenisema. Bora wangenisema.

Jumanne, 2 Julai

Wateja ni wageni tu, watumishi wa serikali, na mwalimu wangu wa Bukoba. Wa mtaani hawaingii. Wananisalimia, wananipisha njia. Adela ananipimia nyanya bila nyongeza. Zamani nyongeza ilikuwapo, na umbea juu yake. Wangenigombeza ningejibu, mdomo ninao. Huu upole ndio unaniua.

Alhamisi, 18 Julai

Keshokutwa uzinduzi. Padre wa kubariki, wenye mtaji, pilau, viti vya kukodi. Nimepita nyumba kwa nyumba mwenyewe, kwa mguu, nikaalika. Wote jibu moja: tupo pamoja. Nimerudi na moyo mwepesi. Wakija, basi yameisha.

Jumamosi, 20 Julai

Naandikia huku stoo. Shughuli ilikuwa ianze saa sita, sasa saa nane. Wamekuja Otto, wenye mtaji na Padre. Viti vimejaa upepo.

Bombambili imetuma bahasha. Adela kazileta zote kwenye kikapu chake: wanasema hongera, wametingwa na kazi. Kisha naye kaondoka. Wametingwa! Jumamosi! Otto kafurahi, anasema watu wa huku wakarimu kweli. Hajaelewa kitu. Mimi nimeelewa, ndiyo maana niko stoo.

Nilitoka kidogo. Mama Epifania alikuwa anaingia. Mwenyewe, na nguo zake nyeusi. Akaweka bahasha mezani — yangu ile ya rambirambi, nembo na gundi yake, haijafunguliwa. Nikapiga goti, shikamoo mama. Marahaba. Basi. Si mheshimiwa, si mwanangu. Akavipita viti vyote, akatandika khanga sakafuni karibu na mlango, akakaa, miguu kainyoosha, kama watu wanavyokaa msibani.

Nimerudi huku. Padre anauliza kama tuanze. Otto ananiita mlangoni, anasema Fausta, mtoe yule mama chini, mpe kiti, wageni wanaona.

Nimevua viatu.