Ukingoni mwa Shimo la Mungu

Jumamosi jioni, Masasi. Baridi ya Julai inapenya dirishani. Mdomo wangu umeshonwa nyuzi na chai ya moto siwezi kuinywa.

Nilikuja huku kutembea tu. Tangu mchana watu wananiuliza nilifuata nini Newala, na jibu langu linanitia aibu kidogo: nilifuata mandhari.

Mwenyeji wangu ni wifi yangu Skola, dada wa mume wangu, mzaliwa wa Lukuledi, fundi cherehani hapa mjini. Wiki nzima amenizungusha. Tumepanda majabali yanayouzunguka mji, tumeingia kwenye kanisa la zamani la mawe, tumeona michoro ya kale kwenye mwamba, myekundu kama imechorwa juzi. Leo ilikuwa zamu ya Newala, kuona Shimo la Mungu, pale nchi ya juu inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kuanza chini kabisa. Ng'ambo ni Msumbiji.

Tulifika ukungu ungali mzito. Karibu na ukingo kuna nyumba ya mama mmoja anayeuza chai na muhogo. Tulimkuta uani anatwanga makopa, muhogo mkavu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba" bila kusimamisha mchi, akatuambia tukae, ukungu utaondoka wenyewe. Wanamwita Mama Hamisi; nami nikamwambia naitwa Mama Neema.

Aliyetuletea chai ni Zainabu, aliyekuwa mke wa huyo Hamisi. Alipopewa talaka alifunga mizigo arudi kwao Mnyambe, lakini mama mkwe akamzuia mlangoni: wewe na mtoto mtakaa kwangu, atakayeondoka ni yeye. Hamisi akaondoka kweli. Zainabu alitusimulia haya huku anacheka. Sasa ameposwa na mwanamume mwingine, na mahari itapokelewa hapo hapo, kwa mama wa mume aliyemwacha.

Nami nilicheka. Nilimpenda palepale.

Ukungu ulipopasuka, Mama Hamisi alimtuma atuonyeshe mahali pazuri pa kusimama. Bonde lilikuwa linafunguka kipande kwa kipande, kijani kibichi, kisha bluu, na mto kwa mbali. Nilikuwa nimeinua simu nipige picha.

Sikumwona Hamisi akija. Nilisikia kofi, nikadhani ni tawi limevunjika.

Alikuwa amemshika Zainabu nywele kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anampiga ngumi usoni, pale pale, mfululizo, bila kelele. Hakuwa amelewa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Hilo ndilo linalonitisha hata sasa. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Twende." Akaanza kumburuta kuelekea ukingoni.

Pale tuliposimama hapakuwa na uzio.

Skola alijirusha akamkumbatia mguu. Mimi nilimshika Zainabu kwapani nikavuta. Khanga yake ikachanika, nikamshika upya, kucha zangu zikaingia kwenye nyama yake. Hamisi alimkanyaga Skola mgongoni. Kisha akanipiga teke la mdomo na nikasikia jino likihama. Sikuachia. Siyo ushujaa, mikono ilikuwa imegoma kufunguka. Changarawe zilikuwa zinaporomoka chini ya miguu ya Zainabu na sikusikia zikitua.

Tulikuwa tunapiga mayowe, lakini sikumbuki sauti yangu. Namkumbuka Mama Hamisi. Alikuja anakimbia, peku, na mchi mkononi, na hakusimama kuuliza wala kumwita mwanawe jina. Alimpiga mkono. Mfupa ulilia. Hamisi alimwachia Zainabu, akageuka, akamwona mama yake, na uso wake ukawa wa mtoto kabisa. Mama akampiga tena, gotini. Hamisi akaanguka chali, kichwa upande wa nchi kavu, si wa shimo, ashukuriwe Mungu.

Hapo ndipo vijana wa bodaboda walipofika kwa kufuata mayowe, na nyuma yao wanaume waliotoka mashambani. Walipoona uso wa Zainabu hawakuhitaji maelezo. Jiwe la kwanza lilimpata Hamisi begani. La pili mdomoni. Mmoja alikuwa ameshachomoa mpira wa mafuta kwenye pikipiki yake na anakinga chupa.

Mama Hamisi alisimama akimweka mwanawe katikati, mguu huku na mguu huku, akainua mchi.

"Nimeshampiga mimi," alisema. "Nimemzaa mimi na nimemvunja mimi. Atakwenda polisi anapumua. Anayetaka kuongeza, aanze na mimi."

"Mama, tupishe! Huyu ni muuaji!"

"Najua alivyo. Kawapigie polisi simu, kijana, mdomo uache."

Walisita. Jiwe lingine lilirushwa, likampata yeye kwenye paja. Hakutikisika. Jamaa mwenye chupa aliitazama chupa yake, kisha akaimwaga chini. Mwingine akapiga simu.

Zainabu alikuwa ameketi kwenye vumbi, jicho moja limefunga. Ghafla akauliza, "Kandambili yangu nyingine iko wapi?" Akarudia, akarudia, mpaka Skola akainuka kwa shida akaanza kuitafuta. Haikuwepo.

Gari la polisi lilituchukua sote kwenda hospitali. Mama Hamisi aliketi katikati, mwanawe kushoto kafungwa pingu kwenye mkono usiovunjika, Zainabu kulia. Alimshika Zainabu mkono njia nzima. Hakumgusa mwanawe, ila gari liliporuka shimo la barabarani naye Hamisi akalia kwa maumivu, nilimwona mama akifumba macho.

Nilipokuwa nasubiri kushonwa Mama Hamisi alinijia.

"Mama Neema, utasema ulichokiona?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kila kitu? Hata kwamba alikuwa anampeleka kule?"

"Hata hilo, mama."

Alivuta pumzi. "Basi na mimi useme nilichofanya. Usinifiche. Wakikuuliza nani kamvunja mkono, waambie ni mama yake."

Nikaanza kulia, damu ikarudi kutoka upya.

Mume wangu amepiga simu kutoka Morogoro. Amelia kwanza, kisha akasema nipande basi la kesho, mambo ya watu niyaache huko huko, ndugu za Hamisi hawanijui na mimi siwajui. Anaogopa. Mimi pia naogopa. Kila nikifumba macho nazisikia changarawe.

Skola amelala kifudifudi chumba cha pili, mgongo umevimba. Nimemuuliza kama atanisindikiza polisi Newala Jumatatu. Amesema hata kwa kutambaa.

Kesho nitapumzika. Jumatatu nitasema yote mawili, la mwana na la mama, kwa mdomo huu huu.