Kiroba cha Mto Rau

Jumamosi, 1 Juni 2024
Baiskeli na Filemon, kandokando ya Mto Rau, mwendo wa polepole. Baridi. Mlima Kilimanjaro umejifunika mawingu tangu Jumatano. Ingekuwa asubuhi nzuri — kama si uchafu. Chupa, matambara, utumbo wa kuku, halafu pampasi! Wala si za watoto. Za watu wazima, zimemwagika kutoka kwenye kiroba kilichopasuka, zimevimba kama maandazi.

Filemon akasema anayetupa vitu vile hakulelewa na mama. Kwa sauti, hadi waosha pikipiki wakageuka. Nilipenda alivyokasirika. Nina miaka sita ya ujane, na mwanaume anayepiga suruali pasi kabla ya kupanda baiskeli haokotwi njiani.

Kaka zake wanashuka kutoka Machame Jumapili ya tarehe 16, kuleta posa. Yeye nimeshamwambia ndiyo. Wazee bado.

Jumamosi, 8 Juni
Viroba viwili vingine, palepale chini ya daraja la miti. Vimefungwa kwa vipande vya tyubu, mafundo mawili mawili. Mtu nadhifu huyo! Hicho ndicho kinachonichefua zaidi: alikaa, akafunga, akafikiri. Hatua chache chini yake mama mmoja anaosha mchicha wa kupeleka sokoni. Mchicha sili tena.

Nikasema tumvizie huyo mtu, tumpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Filemon akasema tuachane naye, tutajitafutia maadui. Wiki iliyopita alikuwa mkali kama nini! Akataka turudi. Siku hizi kila mara ana haraka ya kurudi, na kwake hajanikaribisha hata siku moja. Eti nyumba ya mwanaume mpweke haifai kuonwa.

Jumatano, 12 Juni
Nimemwona.

Nilikwenda kuvizia peke yangu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baiskeli ikashuka, kiroba kwenye keria, kimefungwa kwa tyubu. Suruali imepigwa pasi. Filemon! Akakisukuma mtoni kwa mguu. Kisha akafuta kiatu kwenye nyasi.

Nikamwita. Kwanza akanisalimia, kana kwamba tumekutana sokoni. Halafu akaeleza. Mama yake, miaka tisini na moja, yuko chumba cha nyuma tangu Januari, hainuki. Gari la taka likija Jumanne majirani huchungulia taka za kila mtu, hakutaka mama yake asemwe. Na mimi hakutaka nijue kabla ya posa.

Kabla ya posa.

Alhamisi, 13 Juni
Sahani nimeirudisha jikoni ikiwa imejaa. Si kwa sababu ya pampasi. Pampasi nilimbadilisha marehemu mume wangu miezi minane, nikazichoma shimoni mchana kweupe, na majirani wakiona. Kinachonitia kichefuchefu ni mpango wake: Jumapili posa, baada ya ndoa nionyeshwe chumba cha nyuma. Alikuwa anatafuta mke au muuguzi? Na yule mama! Miezi mitano amefichwa kama kitu cha wizi.

Dada yangu Gladys, kwenye simu, anasema wanaume wote ndivyo walivyo, nifumbe macho. Sifumbi.

Jumamosi, 15 Juni
Mtoni sikwenda. Amekuja yeye. Amesimama nje ya geti, kofia mkono mmoja, jani la isale mkono wa pili. Mjanja! Anajua Mchagga akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Kwa jani hilihili baba yangu alimsamehe mtu aliyesogeza mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo. Na kaka zake wanakuja kesho.

Naandika nikiwa dirishani. "Mama Jovin, nimekosa. Naomba ufungue." Kasema hivyo mara tatu, polepole. Manyunyu yanamlowesha, suruali imeharibika, na haondoki. Dakika ishirini sasa. Nilikusudia kumwacha hapo hadi aote mizizi.

Lakini kuna jambo linanikereketa. Nimefungua dirisha nikamwuliza: saa hizi mama yuko na nani?

Kofia ameivaa. Mkono umekwenda mfukoni, nasikia funguo zinagongana.

Kamfungia ndani.

Jani bado kalinyoosha. Natoa baiskeli; mama afunguliwe kwanza.