Ada ya Kumshikia Nafasi Mjukuu

Newala, Jumatatu, korosho zinaanza kuanguka

Upepo umevuma tangu alfajiri, ule mkavu unaopenyeza vumbi jekundu hata ndani ya chungu kilichofunikwa. Mji mzima unanuka mabibo. Miaka mingine harufu hiyo hunifurahisha. Leo hapana.

Mnaosoma ukurasa huu mmezoea kunikuta nagombana. Nimegombana humu na madiwani, na wanaume wanaoita ulezi "kukaa tu nyumbani", na yule bwana aliyeniandikia kwamba mwanamke kulipwa kwa kulea ni kuiga Wazungu. Leo sina wa kugombana naye. Naandika kwa sababu nisipoandika nitaukoroga uji wa kesho huku nalia, na watoto hawapendi uji wa chumvi.

Mjukuu wangu alikuwa aanze leo kituoni kwangu.

Hakuja. Hatakuja.

Nieleze vizuri. Nilipoacha kufundisha sekondari, niligeuza sebule na baraza ya nyuma kuwa kituo cha kulelea watoto wa wazazi wanaoshinda kazini. Nafasi ni chache kwa sababu mikono ni michache, yangu na ya msaidizi wangu, na kwa sababu hapa juu mlimani maji tunanunua kwa ndoo, na mtoto mchanga haogeshwi kwa hotuba. Msimu uliopita kila mama mwenye kichanga, na kila mwenye mimba kubwa, alinipitia: "Mwalimu, nishikie nafasi." Nikashika. Nikawakatalia wengine, nikanunua magodoro, nikasubiri. Siku ya kuanza, nusu yao hawakutokea. Mmoja alishampeleka mtoto kwa dada yake kule Lulindi. Mwingine alibadili mawazo. Hakuna aliyeona haja ya kunipigia simu. Apige ya nini, na hakupoteza kitu?

Ndipo nikaweka ada ya kushika nafasi. Mtoto akianza, inakatwa kwenye malipo ya mwezi wa kwanza. Asipoanza, hairudishwi. Nikawaita wazazi barazani kuwaeleza, na baraza ikachemka.

"Mwalimu, kwani hapa ni gesti?" aliuliza Mama Hafidhi, muuza vitenge, mwanamke mwenye ulimi kama wangu. "Na hata gesti nikichelewa wananisubiri."

"Gesti hawabadilishi nepi," nikamjibu.

Watu wakacheka. Nikajiona nimeshinda. Mama Hafidhi hakukaa chini. "Haya. Na binti yako Asumpta, si kajifungua juzi? Naye atalipa? Au sheria ni yetu sisi wengine?"

Ningeweza kusema kweli. Kwamba kwetu mtoto wa binti hashikiwi nafasi kwa bibi yake, anazaliwa nayo. Kila aliyekaa pale analijua hilo. Mmakonde, Mmakua, Myao, wa msikitini na wa kanisani, kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Wangeniunga mkono wote, na Mama Hafidhi alikuwa ananitania tu. Lakini mimi nimesoma mno. Nimesoma vitabu vya wachumi wanaopima kila kitu isipokuwa jasho la bibi anayelea wajukuu. Nimeandika humu, sijui mara ngapi, kwamba tunawatumikisha bibi zetu bure halafu tunaita upendo. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya darasani:

"Atalipa. Tena wa kwanza."

Wakanipigia makofi.

Asumpta hakuwepo, ila maneno kama hayo hayahitaji nauli. Jioni ile ile pesa ikaingia kwenye simu yangu, kamili. Hakupiga, hakuandika neno. Na mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani nimelea mwanamke mwenye msimamo. Nikamtumia ujumbe niliowatumia wazazi wote: "Imepokelewa. Asante, mzazi."

Mjukuu anaitwa Koleta, jina langu. Asumpta alikuja kujifungulia kwangu, na kwa muda wote aliokaa nilimwogesha yule mtoto mwenyewe, asubuhi na jioni, sikumwachia mtu. Wiki iliyopita nilimshonea foronya ya kitenge cha manjano, nikaweka godoro lake pembeni, pale upepo haufiki.

Leo asubuhi wazazi waliwaleta watoto wao mmoja mmoja. Asumpta akaja peke yake. Alikuwa amevaa nguo za kazi. Yeye ni mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima, na msimu ukifunguliwa hana hata nafasi ya kunywa chai. Mgongoni hakuwa na mtu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, na bibi yake."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kuna bibi mwingine. Ni mama wa mume wake, Mama Ambwene. Amekuja kwa basi kutoka Rungwe, akalala Masasi, akaingia Newala juzi na mchele wake na viazi vyake. Atakaa mpaka msimu uishe, pengine na zaidi.

"Na nafasi yake?"

Kweli, hilo ndilo lililonitoka mdomoni. Nafasi.

"Mpe mwingine, Mama. Hela sidai, najua hairudishwi."

Nikaanza kubishana. Nikasema utaratibu ni utaratibu, kwamba alilipa bila kulalamika, kwamba kama lilimuuma angesema, ana mdomo. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Asumpta hapazi sauti, hilo alilirithi kwa marehemu baba yake.

"Nilipotuma ile hela nilikaa na simu mkononi," akasema. "Nikamwambia Baba Koleta, subiri, Mama atairudisha sasa hivi, tena atanitukana kabisa. Ukaniita mzazi."

Akanishika mkono kidogo, akaondoka kwenda kazini.

Mchana nikamrudishia ile pesa kwa simu. Haikupita muda, ikarudi. Safari hii pia hakuandika neno.

Nimeshinda na hoja zangu kichwani siku nzima, huku nabadilisha nepi za watoto wa watu. Ada ni ya haki. Bila ada kituo kitakufa, na kikifa, mama wa watu atarudi kumfungia mtoto ndani akaokote korosho. Nikipandishwa jukwaani leo hii na yeyote kati yenu, nitamshinda. Lakini Asumpta hakuja kubishana nami juu ya ada. Alikuwa ananingoja nimkatalie pesa yake. Ndilo jambo pekee alilolitaka, na lilikuwa halihitaji kitabu.

Sikushindwa hoja. Nimempoteza Koleta nikiwa na hoja nzima mkononi.

Watoto walipochukuliwa nikaenda kwa Asumpta, nikaingia moja kwa moja mpaka uani kama ninavyoingia siku zote. Yeye alikuwa hajarudi kutoka kazini. Mama Ambwene alikuwa amemweka mtoto kwenye beseni, kamkinga shingo kwa kiganja. Nakiri nilikwenda kutafuta kosa. Maji labda ya moto mno, au sabuni inaingia machoni. Sikuliona. Anaogesha vizuri kuliko mimi, hana haraka. Alikuwa akimwimbia kwa Kinyakyusa, na mtoto anacheka.

"Karibu, mkwe wangu, karibu! Nyie watu wa huku maji mnayapima kwa kijiko!"

"Utazoea."

"Nitazoea, nitafanyaje! Nimemwambia Ambwene, mimi kazi yangu ni hii tu, nyingine siijui. Nasikia wewe una kituo, unalea watoto wengi. Hongera, mama. Mimi huyu mmoja ananitosha."

Hakikuwa kijembe. Ningependa kiwe kijembe, vijembe navijua kuvijibu.

Akamfunga mtoto kanga, akanipa. Koleta akaniangalia sana. Kisha akageuza shingo kuutafuta uso wa yule mwingine, akalia. Mimi niliyemtoa kitovu. Mama Ambwene akampokea, akamtikisa kidogo, na kilio kikaisha.

"Usijali, atakuzoea," akaniambia kwa upole. "Uwe unakuja."

Uwe unakuja. Mwanamke ana siku tatu Newala.

Nikiwa njiani Mama Hafidhi akapiga. Kasikia nafasi imepatikana, na mdogo wake ana mtoto wa miezi sita. Nikasubiri anichome, maana mimi ningemchoma. Akasema tu, "Pole, Mwalimu." Nikamwambia wamlete kesho. Nimekwisha kulivua godoro ile foronya ya manjano na kuvalisha nyingine.

Ada sitaifuta. Anayengoja nikiri humu kwamba kulea ni upendo na upendo haulipiwi, atangoja sana. Kesho saa moja nitapokea mtoto mgeni, nitamkaribisha kama wenzake, hana kosa lolote.

Halafu jioni nitakwenda tena kwa binti yangu. Mlango wake sijawahi kuupigia hodi. Kesho nitasimama nje, nipige hodi, nisubiri wanikaribishe.